Homa ipo, malaria haionekani: kutenganisha homa za Dodoma, kuanzia swali la kwanza hadi lenzi ya 100

Mgonjwa anaingia, anakaa, anasema mwili wote unauma, kichwa kinagonga na usiku homa inapanda. mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imetoa mstari mmoja, yaani hasi. Hapo ndipo mara nyingi huandikwa "UTI" (maambukizi ya njia ya mkojo) au "taifodi", mgonjwa anaondoka na siprofloksasini, na baada ya wiki moja anarudi vilevile. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo mstari mmoja ndiyo habari ya kila siku, na kazi halisi ya mtabibu inaanzia hapo.

Homa, kichwa na viungo havitenganishi chochote. Malaria inavyo, brusela (ugonjwa wa bakteria kutoka kwa mifugo) inavyo, homa ya papasi inavyo, hata mafua yanavyo. Anayetaka kutenganisha aachane na dalili zinazogawanwa na magonjwa yote, atafute ile moja au mbili ambazo ugonjwa mmoja unazo na mwingine hauna. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtabibu na mtu wa maabara wa zahanati au kituo cha afya, wenye hadubini, vijiti vya mkojo na saa ya ukutani.

Kabla ya yote

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na haamki vizuri, hasubiri upelelezi. Vivyo hivyo mtu mzima aliyechanganyikiwa, mwenye shingo ngumu, anayetoka damu au anayehema kwa shida. Hao wanapewa dozi ya kwanza inayostahili na rufaa inaandikwa huku usafiri unatafutwa. Slaidi ichukuliwe kabla ya dawa ikiwezekana, lakini dawa isisubiri slaidi.

mRDT nayo hukosea

Kipimo kinataka mikrolita 5 za damu, si tone zima la kidole. Damu ikizidi, dirisha linabaki jekundu na mstari hafifu hauonekani. Ikipungua, hasi inaweza kuwa ya uongo. Matone ya bafa na muda wa kusoma ni yale yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha boksi hilo hilo, maana aina zinatofautiana: nyingine dakika 15, nyingine 20. Kilichosahaulika mezani na kusomwa baada ya saa nzima kinaweza kuota mstari ambao haukuwepo. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi, usipotokea, hakuna jibu; rudia na kifaa kingine.

Joto nalo. Boksi huandikwa mwisho wa nyuzi 30 au 40. Stoo ya bati isiyo na dari, mwezi wa Novemba hapa Dodoma, inaweza kulipita hilo mchana kweupe. Weka boksi chini ukutani upande wa kivuli, kamwe si juu ya kabati karibu na bati.

Na chanya pia ina mtego wake. Kipimo kinachosaka HRP2, protini ya vimelea vya malaria, hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dawa ya mseto siku 12 zilizopita, akirudi na homa na mistari miwili, huyo hajathibitika kuwa na malaria. Anahitaji slaidi.

Maswali yanayotenganisha

Muulize mgonjwa homa imekwendaje, si imeanza lini tu. "Bibi, homa hii ilikuja ikaondoka kabisa, ukapona, halafu ikarudi?" Homa kali ya siku tatu hivi, ikakatika ghafla kwa jasho jingi, mgonjwa akakaa takribani wiki moja mzima akidhani yamekwisha, kisha ikarudi: hiyo ni sura ya homa ya papasi. Homa inayopanda kidogokidogo kila jioni kwa siku kadhaa mpaka inakaa juu haishuki inaelekea taifodi. Inayokuja jioni na jasho la kulowesha shuka, wiki ya tatu sasa au ya sita, huku mgonjwa bado anatembea na kufanya kazi akilalamika kiuno, ni brusela au kifua kikuu.

Muulize analala wapi. Nyumba ya tembe au ya udongo, sakafu ya vumbi, kitanda kimegusa ukuta, au kalala ugenini kwenye nyumba ya namna hiyo: papasi anaishi kwenye nyufa hizo. Anatoka usiku, ananyonya kwa dakika chache, anarudi ufani kabla hakujapambazuka. Tofauti na kupe wa ng'ombe, hagandi mwilini, ndiyo maana karibu kila mgonjwa atakwambia hakuumwa na kitu.

Muulize mifugo na maziwa, na usiulize "unakunywa maziwa mabichi?" kwa sababu wengi watajibu hapana. Uliza: "Maziwa ya kugandisha mnayachemsha kwanza?" Hapo ndipo ukweli hutoka. Mgando wa maziwa yasiyochemshwa una uchachu, lakini uchachu huo si wa kuutegemea kuua bakteria wa brusela. Uliza pia nani alimsaidia mbuzi kuzaa au alishika kondo kwa mikono mitupu.

Mwisho, safari. Aliyetoka Kigoma, Geita au Mtwara wiki mbili zilizopita ana malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Ndani ya mkoa wenyewe, waulizeni kwa makini wakaao karibu na mashamba ya mpunga ya Bahi na kandokando ya mabwawa ya Mtera na Hombolo, hasa mvua zikielekea mwisho. Maji yakituama, mbu hawaulizi takwimu za mkoa.

Slaidi, hatua kwa hatua

Sehemu hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, na ikifanywa vizuri inajibu magonjwa mawili kwa tone moja la damu.

1. Pima joto kwanza. Kwa homa ya papasi, damu ichukuliwe homa ikiwa juu, nyuzi 38.5 na kuendelea. Homa ikishashuka, vimelea hupungua kwenye damu mpaka usiwaone. Ukiipata chini, mwambie mgonjwa arudi homa ikipanda, hata kama ni saa nane usiku na zamu iko.

2. Slaidi iwe safi, isiyo na mafuta ya vidole; ishikwe kwa kingo. Choma pembeni ya ncha ya kidole baada ya spiriti kukauka, futa tone la kwanza.

3. Tone nene: mikrolita 6 hivi, lisambazwe duara la milimita 12. Likiwa sawa, ukiweka slaidi juu ya gazeti, herufi zinasomeka kwa taabu. Tone jembamba: mikrolita 2, livutwe na slaidi ya pili kwa pembe ya nyuzi 45, mkono mmoja usiokatika, liishie na ncha kama ulimi.

4. Likauke likiwa limelala, mbali na nzi. Usilianike juani wala kulipasha kwenye jiko: joto linagandisha seli nyekundu kwenye tone nene, na tone nene lililogandishwa halisomeki.

5. Andika namba ya mgonjwa kwa penseli kwenye tone jembamba. Gusisha tone jembamba tu kwenye methanoli, slaidi ikiwa imeinamishwa. Methanoli ikifika kwenye tone nene umelipoteza, kwa sababu seli nyekundu hazitapasuka na vimelea watabaki wamefunikwa.

6. Giemsa ya asilimia 10: mililita 1 ya rangi, mililita 9 za bafa yenye pH 7.2, dakika 10. Ya asilimia 3: mililita 3 kwa 97, dakika 30 hadi 45, na hii ndiyo nzuri zaidi kwa slaidi nyingi zisizo na haraka. Changanya unapotaka kutumia. Iliyochanganywa asubuhi ikikaa mpaka mchana inatupwa.

7. Usiimwage rangi kwa kuinamisha slaidi. Mwagia maji taratibu upande mmoja mpaka utando wa juu uelee na kutoka, vinginevyo unautandaza wote juu ya damu. Kausha ikiwa imesimama.

Kuhusu maji: ya visima vya huku yana chumvi nyingi. Ukichanganyia Giemsa maji ya bomba badala ya bafa, slaidi itakwambia yenyewe. Ikitoka ya bluu kila mahali, pH imepanda. Ikitoka ya pinki iliyopauka na viini havionekani, imeshuka. Iliyokaa sawa ina kiini cha kimelea chekundu na mwili wake wa bluu, na viini vya seli nyeupe ni zambarau iliyokolea.

Unachokiona kwenye lenzi ya 100

Soma uwanja 100 (uwanja ni eneo linaloonekana kwa lenzi mara moja) wa tone nene kabla ya kuandika hasi. Uwanja ishirini hautoshi, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Vimelea wa falsiparam, aina moja ya vimelea vya malaria, hukaa ndani ya seli nyekundu isiyovimba. Ni pete nyembamba, mara nyingi zina vitone viwili vya kiini, mara nyingine zimebandikwa ukingoni mwa seli, na seli moja inaweza kubeba pete mbili au tatu. Ukiona mwezi mchanga, yaani umbo la ndizi, hilo ni falsiparam, hakuna mwingine mwenye umbo hilo. Lakini miezi peke yake bila pete, kwa mtu aliyetibiwa karibuni, haielezi homa ya leo. Malariae, aina nyingine, huonyesha mkanda unaokatiza seli kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ovale, aina ya tatu, huvimbisha seli, huipa umbo la yai, na kingo zake hukwanyuka.

Hesabu vimelea sambamba na seli nyeupe 200, zidisha kwa 8,000, gawa kwa 200. Vimelea 150 ni 6,000 kwa mikrolita. Jibu la "malaria mbili" au "wadudu watatu" ambalo wagonjwa wamelizoea halina maana yoyote ya kitabibu. Liandikeni kwa hesabu.

Borelia, bakteria wa homa ya papasi, hayumo ndani ya seli. Yuko katikati yake: uzi wa zambarau, mrefu kupita upana wa seli nyekundu mara mbili au zaidi, wenye mawimbi yanayolingana na ncha zilizochongoka. Ukiwa hujawahi kumwona utampita ukidhani ni nywele. Na kinyume chake, zipo nyuzi zisizo borelia. Uzi wa fibrini, yaani wa damu iliyoganda, unatawanyika matawi na hauna mawimbi ya kulingana. Mkwaruzo wa kioo ni mnyoofu, na ukizungusha skrubu ndogo unakuwa wazi wakati seli zimepotea. Takataka za rangi zinang'aa na kuelea juu ya seli. Kanuni ya kujilinda: uzi mmoja kwenye slaidi nzima si jibu, tafuta wa pili mwenye umbo lile lile kwenye uwanja mwingine.

Ipo njia ya haraka zaidi ambayo imesahaulika. Weka tone dogo la damu mbichi kwenye slaidi, funika na kioo chembamba, tazama kwa lenzi ya 40 huku mwanga umepunguzwa. Huenda usimwone borelia mwenyewe. Utaona seli nyekundu zimetulia, halafu mbili tatu zinatikiswa na kusukumwa huku na huku bila upepo wala mkono. Ndiye huyo. Kamilisha kwa Giemsa.

Na pete za uongo: chembe sahani ikikaa juu ya seli nyekundu inafanana na pete, ila haina uwazi katikati na imezungukwa na duara jeupe. Kitone kimoja cha zambarau ndani ya seli, kisicho na bluu yoyote, mara nyingi ni mabaki ya kiini, na huonekana sana kwa wenye selimundu. Angalia kama kuna seli zenye umbo la mundu hapo hapo.

Homa ya papasi ikithibitika

Ugonjwa huu unafahamika katika ukanda huu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1905 Robert Koch alionyesha akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani kwamba papasi ndiye anayeubeba, na tafiti za Mvumi, wilaya ya Chamwino, zimekuta ungalipo vijijini. Homa inarudi kwa sababu borelia hubadilisha vazi lake la nje: mwili unamaliza kundi moja, wachache waliovaa vazi jipya wanazaana upya.

Mjamzito ni wa kuangaliwa kuliko wote. Mimba hutoka, na mtoto huweza kuzaliwa na ugonjwa. Mama mwenye homa, mRDT hasi na nyumba ya udongo asipewe jibu la UTI kabla slaidi haijasomwa.

Dawa ni doksisiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10. Mjamzito na mtoto mdogo hupewa erithromaisini. Dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiwa kituoni. Kati ya saa 1 na 4 baadaye anaweza kuanza kutetemeka vibaya, homa ikapanda, kisha presha ikaanguka. Si mzio, na dawa isisimamishwe: ni borelia wanaokufa kwa pamoja. Dripu iwe tayari, presha ipimwe kila nusu saa, na ndugu waelezwe mapema, maana wakiona anatetemeka hivyo baada ya kidonge watambeba waondoke naye.

Brusela

Alama yake ni muda pamoja na mahali maumivu yanapokaa. Wiki nyingi, jasho la usiku, na maumivu ya kiuno au nyonga upande mmoja; mwanaume huweza kuvimba korodani. Kipimo cha Rose Bengal: mikrolita 30 za seramu na 30 za antijeni, iliyotolewa kwenye friji mapema ikafikia joto la chumba, changanya, zungusha dakika 4, soma hapo hapo. Ukichelewa kusoma, jibu linaweza kukupotosha. Mfugaji wa miaka mingi anaweza kuwa chanya kwa brusela ya zamani, kwa hiyo chanya bila homa ndefu wala maumivu hayo isitibiwe peke yake.

Dawa ni mbili, na ni wiki 6: doksisiklini muda wote, pamoja na jentamaisini kwa siku 7 hadi 10 za mwanzo, au rifampisini wiki zote 6. Doksisiklini ya siku 10 peke yake humpa mgonjwa nafuu ya mwezi, kisha anarudi. Kabla ya rifampisini, hakikisha hana kifua kikuu, kwa kuwa rifampisini peke yake kwa mwenye TB inazalisha usugu. Kikohozi cha wiki mbili au kibyongo kilichoanza karibuni kipelekwe kipimo cha makohozi au picha kwanza. Sampuli ya damu ya kuotesha ikipelekwa hospitali, andika juu yake kwamba brusela inashukiwa. Wadudu hawa huambukiza wafanyakazi wa maabara kwa hewa.

Taifodi na ile karatasi ya Widal

Widal, kipimo cha damu cha kingamwili za taifodi, kikifanywa mara moja hakithibitishi taifodi. Aliyewahi kuugua, aliyechanjwa, hata mwenye homa nyingine, anaweza kusoma 1:160. Kwa haki kabisa kipimo hicho kingehitaji sampuli mbili zilizoachana siku 10 hivi na kupanda mara nne, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. "Taifodi sugu" inayorudi kila mwezi kwenye cheti ni karatasi inayorudi, ugonjwa haumo.

Taifodi yenyewe ina mwendo. Wiki ya kwanza homa inapanda kama ngazi, mtu mzima mara nyingi anafunga choo, na mapigo ya moyo hayapandi sambamba na homa. Wiki ya pili tumbo linajaa na wengu linashikika. Wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka: maumivu ya ghafla, tumbo gumu kama ubao. Huyo ni wa upasuaji siku hiyo hiyo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, na asipewe chochote cha kula. Uthibitisho ni kuotesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibayotiki.

Mkojo na kifua, kwa kifupi

UTI inayoleta homa ina maumivu ya kiuno upande mmoja au ya kukojoa. Mkojo wa katikati, kijiti kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Naitraiti ya uongo hutoka kwenye chupa iliyoachwa wazi, basi mfuniko urudi mara moja.

Mtoto mwenye kikohozi au anayehema kwa shida ahesabiwe pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 miezi 2 hadi 11, 40 mwaka 1 hadi 4. Kufikia hapo ni kichomi hata mapafu yakisikika masafi.

Macho ya njano

Baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, uliza kama mbuzi na kondoo wametupa mimba kwa wingi. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwanzoni mwa 2007, Dodoma iliguswa vibaya. Homa, njano, kutokwa damu au macho kuona ukungu kwa mtu aliyechinja au kuhudumia mifugo: glavu, mgonjwa atengwe, mganga mkuu wa wilaya ajulishwe saa hiyo.

Lakini njano na tumbo kujaa maji, homa haipo au ni kidogo, na watu wawili watatu wa kaya moja wanaumwa pamoja? Waulize mahindi yalihifadhiwaje. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Zuia unga huo usiliwe, na chukua kilo moja ya mahindi hayo kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni.

Kwenye fomu ya rufaa

Andika joto na saa damu ilipochukuliwa, siku ngapi za homa na ngapi za nafuu katikati, nyumba, maziwa, safari, na kila dawa aliyomeza tangu aanze kuumwa pamoja na ya duka la dawa. Slaidi yenyewe iliyokwishapakwa rangi ifunge kwenye karatasi laini, mpe ndugu aende nayo.